Kufundisha historia ya mauaji ya kimbari na chuki dhidi ya Wayahudi: maswali ambayo walimu huuliza mara kwa mara

Maswali haya ni yale ambayo walimu wa msingi na sekondari huyarudia kila wanapokutana kwa mafunzo kuhusu mada hizi, na mengi yao huulizwa kwa sauti ya chini wakati wa chai kuliko mbele ya wenzao. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale yanayomweka mwalimu njia panda. Pale ambapo jibu limekwisha kutolewa, utaelekezwa kwenye namba ya swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Chuki dhidi ya Wayahudi ni nini, na inatofautianaje na ubaguzi mwingine?

Ni uadui, dharau au ubaguzi anaofanyiwa mtu kwa sababu ni Myahudi, au kwa sababu anadhaniwa kuwa Myahudi. Neno linalotumika katika lugha nyingi za Ulaya, lenye maana ya kuwapinga "Wasemiti", lilipata umaarufu mwaka 1879 kupitia mwandishi wa habari wa Kijerumani, Wilhelm Marr, ambaye alitaka chuki hiyo ya kale ionekane kuwa elimu ya mbari na si ugomvi wa dini. Sisi tuna bahati ya kuweza kuiita kwa jina lake: chuki dhidi ya Wayahudi. Ukisema hivyo, hutahitaji kupoteza nusu ya kipindi ukieleza kwa nini Waarabu na Waamhara, ambao nao huzungumza lugha za Kisemiti, hawakuwa wamekusudiwa na Marr.

Tofauti yake na ubaguzi mwingine ni muhimu kwa mwalimu. Mbaguzi wa kawaida humwona anayembagua kuwa duni. Anayewachukia Wayahudi huwaona duni na papo hapo huwaogopa kama watu wenye nguvu za siri juu ya fedha, serikali na vyombo vya habari. Ndiyo maana chuki hii imeweza kubadili nguo kila zama. Mwaka 1144 mjini Norwich, Uingereza, mtoto alipokutwa ameuawa, Wayahudi walizuliwa kwamba walimuua kwa ajili ya ibada. Tauni ilipoenea Ulaya mwaka 1348 na 1349, walisingiziwa kutia sumu visimani, na jamii nzima nzima zikachomwa moto, ikiwemo ile ya Strasbourg. Mwaka 1903 nchini Urusi kilichapishwa kitabu cha kughushi kinachojulikana kama Itifaki za Wazee wa Sayuni, kikidai kuwa na mipango ya Wayahudi ya kuitawala dunia. Gazeti la The Times la London lilithibitisha mwaka 1921 kuwa ni cha wizi na uongo, na bado kinasomwa. Mwanafunzi aliyeelewa mabadiliko hayo ataitambua chuki hiyo hata ikija kwa vazi ambalo mwalimu wake hajawahi kuliona.

2. Mauaji ya kimbari ni nini hasa? Je, kila mauaji ya watu wengi huitwa hivyo?

Hapana, na hapa ndipo makosa mengi huanzia. Dhana hii ilipewa jina mwaka 1944 na mwanasheria Raphael Lemkin, Myahudi wa Poland ambaye ndugu zake wengi waliangamizwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa uliopitishwa tarehe 9 Desemba 1948 unayaeleza mauaji ya kimbari kuwa vitendo vinavyofanywa kwa nia ya kuliangamiza, lote au sehemu yake, kundi la kitaifa, kikabila, kimbari au kidini. Vitendo hivyo ni vitano: kuua watu wa kundi hilo, kuwasababishia madhara makubwa ya mwili au akili, kuwawekea kwa makusudi hali ya maisha itakayowaangamiza, kuzuia wasizaliane, na kuwachukua watoto wao kwa nguvu na kuwapeleka katika kundi jingine.

Kiini ni nia. Idadi ya waliokufa, hata iwe kubwa kiasi gani, haitoshi peke yake. Vyombo vyetu vya habari hutumia "mauaji ya halaiki" na "mauaji ya kimbari" kana kwamba ni kitu kimoja. Darasani ni vyema kuyatenganisha: ya halaiki ni mauaji ya watu wengi kwa pamoja, ya kimbari yana kundi lililolengwa na nia ya kulifuta.

3. Holokosti ilikuwa nini?

Ni mpango wa dola ya Kinazi ya Ujerumani na washirika wake uliowaua Wayahudi takribani milioni 6 wa Ulaya, wakiwemo watoto wapatao milioni 1.5. Haukuanza na kuua. Adolf Hitler alipewa ukansela tarehe 30 Januari 1933, wakati Wayahudi hawakufika hata asilimia 1 ya watu wa Ujerumani. Sheria za Nuremberg za Septemba 1935 ziliwavua uraia. Novemba 1938 masinagogi yalichomwa, na siku chache baadaye watoto wa Kiyahudi wakafukuzwa katika shule za serikali. Mauaji ya risasi yalienea baada ya Ujerumani kuuvamia Muungano wa Kisovieti mwaka 1941: huko Babyn Yar, Kyiv, watu 33,771 waliuawa kwa siku mbili tu za Septemba. Kisha zikaja kambi za maangamizi kama Treblinka, Sobibor na Auschwitz-Birkenau. Auschwitz ilikombolewa tarehe 27 Januari 1945, na Umoja wa Mataifa uliichagua tarehe hiyo kuwa siku ya kumbukumbu mwaka 2005.

Wanazi waliwaua pia Waroma (jamii iliyotapakaa Ulaya, si watu wa mji wa Roma), watu wenye ulemavu, raia wa Poland, mateka wa vita wa Kisovieti na wengine. Wote wanastahili kufundishwa, kila kundi kwa jina lake na kwa sababu iliyotumiwa dhidi yake.

4. Kwa nini mwalimu wa Afrika Mashariki ashughulike na Wayahudi wa Ulaya?

Hili huulizwa zaidi ya yote, na wanaouliza si wabaya. Wana silabasi ndefu na muda mfupi. Jibu langu huanza na mtu mmoja.

Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Akiwa bado mtoto alitumika katika jeshi la Wajerumani pamoja na baba yake, askari, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1929 alikwenda Berlin, akafanya kazi ya kuhudumia wageni mezani, akaigiza katika filamu, na akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa bila kesi katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944. Leo mbele ya nyumba aliyoishi Berlin kuna jiwe dogo la shaba lenye jina lake. Hakuwa Myahudi, na hafai kuhesabiwa miongoni mwa waliouawa katika Holokosti. Lakini sheria na fikra zilizomuua ni zile zile zilizowapangia watu uhai na kifo kwa damu yao. Mwalimu wa Kiswahili aliuawa na utawala huo. Habari hizo haziko mbali nasi kiasi tunachodhani.

Viungo vingine vipo. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilikaa Arusha hadi mwisho wa mwaka 2015, na ni huko ambako tarehe 2 Septemba 1998 Jean-Paul Akayesu alikuwa mtu wa kwanza duniani kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa hilo. Jeshi la Kijerumani liliwaangamiza Waherero na Wanama wa Namibia kati ya 1904 na 1908, yaani katika miaka ile ile ambayo dola hiyo ilikuwa ikiizima Maji Maji kwetu. Mwaka 1903, baada ya Wayahudi kuuawa huko Kishinev, katika dola ya Urusi ya wakati huo, serikali ya Uingereza ilipendekeza wapewe makazi katika uwanda wa Uasin Gishu, Kenya ya leo, na pendekezo hilo likakataliwa na mkutano wa Wazayuni (harakati ya kuwapatia Wayahudi nchi yao) mwaka 1905. Na karibu na Mbale, Uganda, ipo jamii ya Waafrika Wayahudi, Abayudaya, iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, ambayo Idi Amin aliipiga marufuku kufanya ibada yake.

## Mafunzo yenyewe

5. Mafunzo haya yananipa nini ambacho kitabu cha kiada hakinipi?

Kitabu kitakupa miaka na majina. Hakitakufundisha la kufanya mwanafunzi wa kidato cha tatu anaposimama na kusema kwamba Hitler "alikuwa na sababu zake", nusu ya darasa ikacheka.

Mafunzo mazuri yana sehemu tatu. Ya kwanza ni maarifa, kwa kuwa mwalimu asiye na uhakika hukimbilia maneno ya jumla. Ya pili ni mbinu: kuchagua nyaraka, kusoma ushuhuda wa manusura, kuongoza mjadala wenye hisia kali. Ya tatu, ambayo wengi hawaitarajii, ni mwalimu kujichunguza mwenyewe, yaani aliyoyasikia nyumbani, msikitini, kanisani na kijiweni kuhusu Wayahudi, Watutsi, Wahutu au jirani wa kabila jingine. Mwalimu akiiruka sehemu hii ya tatu, atafundisha kwa mdomo jambo moja na kwa uso jambo jingine, na wanafunzi husoma uso kwanza.

UNESCO pamoja na ofisi ya haki za binadamu ya OSCE (shirika la usalama na ushirikiano la Ulaya) walitoa mwaka 2020 mitaala ya kuwaandaa walimu juu ya chuki dhidi ya Wayahudi, kwa msingi, sekondari, ufundi na wakuu wa shule. Afrika Kusini iliingiza Holokosti katika mtaala wake wa taifa mwaka 2007, na vituo vyake vya Cape Town, Johannesburg na Durban huwafundisha walimu namna ya kuihusianisha na ubaguzi wa rangi wa huko bila kusema kwamba viwili hivyo ni kitu kimoja.

6. Mimi si mwalimu wa Historia. Yananihusu?

Yanakuhusu. Mwalimu wa Biolojia ndiye anayeweza kueleza kwamba "mbari" za Wanazi hazikuwa na msingi wa sayansi. Wa Kiswahili hufundisha jinsi lugha inavyomvua mtu utu (swali la 11). Wa dini huulizwa yale ya swali la 12 kabla ya mwingine yeyote.

7. Shule yetu haina fedha za kuleta mkufunzi. Tufanyeje?

Anzeni wenyewe. Tanzania kuna utaratibu wa MEWAKA, ambao huwakutanisha walimu katika jumuiya za ujifunzaji shuleni, na mada hii inaingia humo vizuri. Kutaneni mara nne au tano. Kila mara mmoja alete hati moja tu, mathalani Mkataba wa 1948 au muhtasari wa hukumu ya Akayesu, mwisome pamoja na kuulizana mwanafunzi angeuliza nini. Siku mbili za semina kubwa hotelini, zisizofuatiwa na chochote, huzaa matunda machache kuliko saa moja ya namna hiyo kila mwezi.

## Ndani ya darasa

8. Wanafunzi wa umri gani wanaweza kufundishwa?

Undani wa mauaji uachwe hadi sekondari. Kwa watoto wa msingi inatosha kufundisha kutengwa, uonevu wa kundi, na ujasiri wa anayemtetea mwenzake. Hata kwa wakubwa, kanuni ni kumwingiza mwanafunzi katika mada kwa usalama na kumtoa kwa usalama: usianze na maiti, na kengele isilie mkiwa bado ndani ya chumba cha gesi. Acha dakika kumi za mwisho kwa maisha ya waliopona, au kwa maswali.

9. Nionyeshe picha na video za maiti ili waelewe uzito wake?

Usionyeshe. Najua nia huwa njema. Lakini picha ya rundo la miili humpa mwanafunzi mshtuko bila maarifa, na humwonyesha aliyeuawa katika hali ambayo asingekubali kuonwa nayo. Tena nyingi zilipigwa na wauaji wenyewe. Onyesha picha ya familia kabla ya maafa, barua, daftari la shule. Nyamata na Murambi, miongoni mwa maeneo manne ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya Rwanda yaliyoingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2023, yanatembelewa kwa maandalizi na kwa ridhaa, na hali ya kijana anayejiwa na picha ya maiti kwenye ubao wa darasa ni tofauti kabisa.

Maigizo nayo ni vivyo hivyo. Kuwagawa wanafunzi kuwa Wanazi na Wayahudi, au kuwaweka vizuizini kama interahamwe (wanamgambo wa Kihutu walioua mwaka 1994) na Watutsi, hakuwafundishi waliyoyapata waliouawa. Huwafundisha mchezo. Yuko mtoto atakayefurahia kupewa fimbo, na mwingine atakayelia usiku.

10. Idadi ni kubwa mno. Wanafunzi huzikariri bila kuzihisi. Nifanye nini?

Anza na mtu mmoja, kisha panda kuelekea idadi. Husen wa swali la 4 anafaa. Anafaa pia Janusz Korczak, daktari na mlezi wa yatima mjini Warsaw, ambaye Agosti 1942 alikataa kuwaacha watoto wake wapatao 200 na akapelekwa nao Treblinka. Kwa Rwanda ninampenda zaidi Agathe Uwilingiyimana. Alikuwa mwalimu wa kemia, akawa waziri wa elimu na kuufuta utaratibu wa kugawa nafasi za shule kwa kabila, akawa waziri mkuu, na aliuawa asubuhi ya tarehe 7 Aprili 1994. Alikuwa Mhutu. Mwanafunzi akishaijua habari yake, hataweza tena kusema kwamba Rwanda ilikuwa "makabila mawili yaliyopigana".

Walimu nao wanapaswa kukabili sehemu yao. Kabla ya 1994 katika madarasa ya Rwanda watoto waliamriwa kusimama kwa kabila, Wahutu kwanza, kisha Watutsi, wakahesabiwa. Wapo waliojifunza kabila lao siku hiyo. Murambi, mahali ambapo makumi ya maelfu waliuawa Aprili 1994, palikuwa majengo ya shule ya ufundi.

Kuhusu tofauti za takwimu: baadhi ya taarifa za Umoja wa Mataifa hutaja takribani watu 800,000 waliouawa Rwanda, serikali ya Rwanda hutaja zaidi ya milioni moja. Waeleze wanafunzi kwamba hesabu hutofautiana kwa sababu familia nzima ziliuawa pasibaki wa kuzihesabu, na kwamba tofauti hiyo si ushahidi kuwa mauaji yana mashaka.

11. Nitumie maneno gani, na yapi niepuke?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu lugha yetu ina mitego yake na haijazungumzwa vya kutosha.

Tuanze na "wahanga". Mhanga ni anayetolewa kafara, na ndiyo maana tunasema mtu amejitoa mhanga. Waliouawa Treblinka au Nyamata hawakujitoa na hawakutolewa sadaka kwa lolote. Waliuawa. Tatizo hilo hilo limo katika neno Holokosti, ambalo asili yake ya Kigiriki ni sadaka ya kuteketezwa, na kwa sababu hiyo Wayahudi wengi husema Shoah, yaani janga. Holokosti limekwisha kuzoeleka na litumike, lakini wanafunzi waelezwe. Badala ya wahanga, sema "waliouawa", na kwa waliopona "manusura".

Rwanda, sema "mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi", jina ambalo Umoja wa Mataifa unalitumia kwa siku ya kumbukumbu ya 7 Aprili. "Vita vya kikabila" hufuta aliyeua na aliyeuawa. Vivyo hivyo usiseme "kambi za Poland". Zilikuwa kambi za Wajerumani katika nchi ya Poland waliyoikalia kwa mabavu. Na Wajerumani hawakuwa wote Wanazi, ijapokuwa wengi waliunga mkono au walinyamaza.

Kisha wafundishe wanafunzi kuyasikia maneno ya wauaji. Redio RTLM na gazeti la Kangura waliwaita Watutsi inyenzi, mende. Kuua kuliitwa kazi. Wanazi waliwaita Wayahudi wadudu, na mauaji yakaitwa "suluhisho la mwisho". Mahakama ya Arusha iliwatia hatiani viongozi wa vyombo hivyo viwili tarehe 3 Desemba 2003. Kenya tunalo neno letu wenyewe: "madoadoa", lililotumiwa katika Bonde la Ufa kuwaita jirani wa kabila jingine uchafu wa kuondolewa, na ambalo tume ya uwiano na utangamano ililiweka mwaka 2022 katika orodha ya maneno ya chuki. Neno hilo linafaa kuandikwa ubaoni. Darasa hunyamaza, kwa sababu kila mmoja amelisikia mahali fulani.

## Maswali yanayomweka mwalimu njia panda

12. Mwanafunzi akisema "lakini Wayahudi ndio waliomuua Yesu", au akinukuu maandiko dhidi yao?

Usimkemee, anarudia alichofundishwa. Waeleze kwamba Yesu, mama yake na mitume walikuwa Wayahudi, kwamba kusulubisha kulikuwa adhabu ya dola ya Kirumi, na kwamba Kanisa Katoliki lilitamka rasmi tarehe 28 Oktoba 1965 kuwa kifo hicho hakiwezi kubebeshwa Wayahudi wote wa wakati ule wala wa leo. Kwa wanafunzi Waislamu, aya zinazozungumzia makundi ya Wayahudi wa zama za Mtume zina mazingira yake, na Qurani hiyo hiyo inawaita Ahlul Kitab, watu wa Kitabu. Ukiona tafsiri inazidi uwezo wako, mwalike shehe au padri anayeaminika, baada ya kuzungumza naye kwanza.

Upo pia upande wa pili. Wakristo wengi kwetu huwaona Wayahudi kuwa taifa teule lisilokosea. Hilo linaonekana ni upendo, lakini nalo humwondoa Myahudi katika ubinadamu wa kawaida wa kuwa fundi, mwalimu, mama, mwema au mkorofi kama mtu mwingine yeyote.

13. Wanafunzi wanazungumza sana habari za Frimasoni na Iluminati. Ina uhusiano?

Una uhusiano wa karibu kuliko walimu wengi wanavyofikiri. Simulizi za mitandaoni kuhusu kikundi cha siri kinachomiliki benki, muziki na marais hutumia mifupa ile ile ya Itifaki za 1903 (swali la 1), na mara nyingi mwisho wake hutajwa jina la Rothschild (familia ya Kiyahudi ya wenye benki wa Ulaya) au "Wayahudi". Kijana anayepeleka ujumbe huo kwenye kundi la WhatsApp huenda hajawahi kumwona Myahudi. Usimcheke. Muulize maswali matatu: nani ameandika haya, amejuaje, na ni ushahidi gani ungemfanya akubali kuwa amekosea? Nadharia ya njama haina jibu la swali la tatu, na darasa huliona hilo lenyewe.

14. Mjadala ukihamia Israeli na Palestina?

Utahamia, kwa hiyo jiandae kabla. Kuikosoa serikali ya Israeli, hata kwa ukali, si chuki dhidi ya Wayahudi, sawasawa na kuikosoa serikali yoyote. Inageuka kuwa chuki pale Wayahudi wote wanapowajibishwa kwa matendo ya serikali hiyo, pale hadithi za kale za damu na njama zinapofufuliwa, au pale Holokosti inaposifiwa au kukanwa. Muislamu wa Zanzibar hajibu kwa yanayofanywa na serikali ya nchi nyingine ya Kiislamu; wala Muabayudaya wa Mbale hajibu kwa yanayofanywa na jeshi la Israeli. Wataalamu wenyewe hawajakubaliana mpaka upite wapi: maelezo ya muungano wa kimataifa wa kuikumbuka Holokosti ya mwaka 2016 na Azimio la Jerusalem la mwaka 2021 yanatofautiana hasa katika jambo hili, na wanafunzi wa kidato cha tano wanaweza kuyasoma yote mawili.

Uchungu wa pande zote usipuuzwe. Miongoni mwa waliouawa katika shambulio la Hamas la 7 Oktoba 2023 walikuwamo vijana wawili wa Kitanzania waliokuwa katika mafunzo ya kilimo. Katika vita vilivyofuata Gaza, Wapalestina makumi ya maelfu wameuawa, wakiwemo watoto wengi sana. Je, ni mauaji ya kimbari? Afrika Kusini ilifungua shauri Mahakama ya Kimataifa ya Haki tarehe 29 Desemba 2023, na mahakama ikatoa amri za muda tarehe 26 Januari 2024. Amri hizo si hukumu ya swali lenyewe. Mwalimu anaweza kuonyesha vigezo vya swali la 2 na hoja za kila upande. Asiruhusu matusi kwa Wayahudi, wala kwa Wapalestina, wala kwa Waislamu.

15. Mwanafunzi akikana kabisa, au akidai kwamba Rwanda kulikuwa na "mauaji mawili ya kimbari"?

Tofautisha anayeuliza na anayekana. Anayeuliza ajibiwe kwa ushahidi: hati za Wanazi wenyewe, ungamo la wauaji mahakamani, kumbukumbu za kesi zilizohifadhiwa Arusha. Ukanaji usipewe hadhi ya "maoni ya upande wa pili" katika mdahalo.

Kuhusu Rwanda, Wahutu wengi waliuawa, wengine kwa kupinga mauaji na wengine katika vita na kulipiza kisasi, ndani ya Rwanda na baadaye Kongo. Vifo hivyo ni vya kweli na huzungumzwa kwa heshima. Visitumike kufuta ukweli kwamba mwaka 1994 Watutsi ndio waliolengwa waangamizwe kama kundi.

16. Je, nilinganishe Holokosti na Rwanda, na vipi kuhusu Maji Maji?

Linganisha jinsi mambo yalivyotendeka, usilinganishe maumivu. Vitambulisho vya kabila vilivyoletwa na Wabelgiji miaka ya 1930 na herufi "J" katika pasipoti za Wayahudi wa Ujerumani ni ulinganisho wenye faida. Kuuliza nani aliteseka zaidi hakuna faida kwa yeyote.

Maji Maji ya 1905 hadi 1907 ni kisa kigumu na kizuri kwa darasa la Tanzania. Waliokufa hukadiriwa kuanzia 75,000 hadi 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala. Wanahistoria hawakubaliani kama ilikuwapo nia ya kuangamiza makundi au ya kuvunja uasi kwa gharama yoyote. Kwa Waherero ipo amri ya Jenerali von Trotha ya tarehe 2 Oktoba 1904 iliyoagiza wapigwe risasi. Wape wanafunzi hati za pande zote mbili na vigezo vya swali la 2, wafanye kazi hiyo wenyewe. Rais wa Ujerumani aliomba msamaha Songea tarehe 1 Novemba 2023, na hotuba yake nayo ni hati ya kusomwa.

17. Ninaye mwanafunzi ambaye familia yake ilikimbia Rwanda, Burundi au Kongo. Nimwombe asimulie?

Kamwe usimwombe mbele ya wenzake. Zungumza naye, na ikiwezekana na mzazi au mlezi, siku kadhaa kabla. Mwambie mada ipi inakuja na kwamba ana ruhusa ya kutoka nje bila kueleza sababu. Usidhani unajua familia yake ilikuwa upande gani. Mtoto wa aliyeua naye hukaa darasani, na hana hatia ya mzazi wake.

Kwa darasa kama hilo, habari ya Nyange ni ya thamani. Machi 1997 washambuliaji waliingia shule ya sekondari ya Nyange, magharibi mwa Rwanda, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Walikataa, wakasema wao ni Wanyarwanda. Baadhi yao waliuawa. Walikuwa na umri wa wanafunzi wako.

18. Mkuu wa shule au mzazi akilalamika kwamba naleta siasa darasani?

Mwonyeshe andalio la somo kabla hajaomba, na nyaraka utakazotumia. Malalamiko mengi huisha mzazi anapoona hakuna picha za kutisha wala mahubiri. Mzazi anayebaki na shaka aalikwe kukaa nyuma ya darasa.

19. Niyaweke kwenye mtihani? Nisahihishe vipi?

Yawekwe, maana tunajua somo lisilotahiniwa hupewa uzito gani. Ila mtindo wetu wa "toa hoja sita" hauifai mada hii, kwa sababu humfundisha mwanafunzi kwamba sababu za mauaji ni orodha ya kukariri yenye alama mbili mbili. Na lile swali la "faida na hasara", lililozoeleka katika mada ya ukoloni, lisitungwe hapa kabisa. Nimewahi kuona karatasi ya majaribio iliyowataka wanafunzi waeleze athari "chanya na hasi" za mauaji ya kimbari, na vijana, kwa utiifu, wakatafuta chanya.

Mpe mwanafunzi hati fupi, kwa mfano ibara ya pili ya Mkataba wa 1948 pamoja na aya moja ya hukumu ya kesi ya vyombo vya habari (swali la 11), kisha umwulize ni maneno gani katika aya hiyo yanayoonyesha nia, na kwa nini. Toa alama kwa usahihi wa maneno na kwa matumizi ya ushahidi. Mwanafunzi aliyeandika kwamba hati haitoshi kuthibitisha jambo fulani, akaeleza ni ushahidi gani zaidi angeuhitaji, apewe alama zote za kipengele hicho.